Wosia Uliosemwa kwa Mashine ya Sinema

Jirani yangu wa ng'ambo ya mfereji ana mjukuu anayesoma chuo pale Makumira. Majuzi alikuja kuazima panga, akakaa, akazungusha maneno kama kuku anayetafuta pa kutagia, mwisho akasema, "Mwenzangu, ile kompyuta ya marehemu, ile kubwa ya sinema. Ni nzuri? Mjukuu wangu ananisumbua, anaitaka ya namna ile ile."

Nikamwambia ni nzuri. Kioo chake ni kipana kama sinia la wageni, na picha zake zinang'aa hata mchana. Sauti yake inajaza nyumba, ukifumba macho utadhani watu wamekaa nawe. Ubaya wake inachemka tumbo, inakula umeme kama mgeni asiyejua kuaga, na ni nzito, mgonjwa hawezi kuilaza kifuani. Akafurahi, akachukua panga akaenda zake. Alitaka maoni ya mwenye kitu, nami nikampa. Hayo mengine nayaandika hapa, maana hayasemeki kwa mtu aliyekuja kuazima panga. Shule nilifika darasa la nne tu, nikatolewa nikachume kahawa, lakini herufi hazikunitoka.

Mwanangu wa mwisho alikuwa dereva wa watalii. Kwetu huku mlimani mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi na shamba linaloizunguka, migomba na kahawa, na mama yake yumo humo humo kama jiwe la jikoni. Mkubwa hupewa lake mapema, aende akajenge. Mkubwa wangu alipewa lake kule chini karibu na barabara, akajenga nyumba ya matofali, akanunua lori la mbao. Huyu wa mwisho baba yake alimwachia hapa nyumbani, kisha akafa. Lakini kazi yake ilikuwa mjini, kwa hiyo alipanga nyumba Lemara na mke wake na binti yao. Hapa alikuja Jumapili na unga na sukari, na mimi nikawa namshikia shamba.

Mke wake ni mtu wa Kondoa. Sikumtaka. Nilisema hivyo mbele yake siku ya kwanza, naye akanijibu, "Hata mimi, mama, sijakutaka bado. Tutazoeana." Tukazoeana.

Hiyo kompyuta mwanangu aliinunua msimu mmoja uliokuwa mzuri, wazungu wakampa bakshishi hadi akashangaa. Thamani yake ni ng'ombe wa maziwa na ndama wake. Aliileta hapa Jumapili tuione. Vitufe vyake vilikuwa vinawaka kwa chini, vyekundu, bluu, kijani, na kila mtu akawa na la kusema. Mkubwa wangu akasema, "Pesa ya mabati unaenda kununua sinema." Mkwe wangu akasema huyo ni mke mwenzake, tena mwenye taa tumboni, maana bwana akirudi safari anamkumbatia huyo kwanza. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa, aliizunguka kama mtu anayenunua dume mnadani. "Televisheni inayokunjwa kama kitabu," akasema. "Mzungu amechoka kufikiri."

Mimi nilisema ni kitu cha thamani, kisikae uchi. Nikaifumia kitambaa cheupe cha uzi, kama nilivyoifumia redio na kabati na viti vyangu vyote, chenye ncha za maua zinazoning'inia. Mwanangu alicheka, akasema, "Mama, hii kitu inahitaji kupumua." Lakini akakitandika juu ya mfuniko, na hakukitoa.

Kisha zikaja figo. Alianza kuvimba miguu, tukadhani ni kukaa sana kwenye gari. Hospitali wakamsafisha damu, wakamsafisha tena, mpaka mwili ukakataa hata kusafishwa. Kazi ikaisha, nyumba ya Lemara ikaisha, wakaja wote watatu hapa kwangu, magodoro juu ya pikapu na kompyuta imeviringishwa ndani ya blanketi kama mtoto mchanga. Nikamlaza chumba cha mbele, kwenye dirisha la kuangalia mlima, ingawa mwezi wa saba mlima wenyewe hauonekani, ukungu unakuja mpaka mlangoni kukuamkia.

Alivyovimba ndivyo alivyokuja kukonda. Yule niliyekuwa nikimwita gunia utotoni, nikawa namgeuza kitandani kwa mkono mmoja.

Siku zake zilikuwa sinema. Kompyuta tuliiweka juu ya stuli, usawa wa uso wake. Mjukuu akitoka shule anapanda kitandani, mimi naleta kigoda changu. Huyo mjukuu, nasema bila haya, ana akili kushinda ukoo mzima ukikusanywa. Yuko kidato cha kwanza na Kiingereza anakitafuna kama muwa. Alikuwa ananitafsiria: "Huyu mama ndiye mbaya, bibi, huyu anajifanya mwema." Mtu akiuawa kwenye picha mimi nalia, yeye ananiambia, "Bibi, hajafa huyo. Analipwa."

Siku nyingine mwanangu alitia picha za wanyama alizopiga mwenyewe kazini. Nimezaliwa chini ya mlima huu, nimezeekea chini yake, simba nimekuja kumwonea kitandani kwa mwanangu. Alikuwa amelala chali anapiga miayo.

"Huyu ndiye wazungu wanayemvukia bahari?" nikauliza.

"Ndiye huyo, mama."

"Mvivu. Kwangu asingepata chakula."

Alicheka hadi akashika ubavu. Aliyepita njiani alimsikia. Kicheko hicho ndicho kilichotuponza.

Kwetu mtu akiona siku zake zinakwisha huita wazee, wanakaa mbele yake, anasema neno lake: hiki cha fulani, hiki cha fulani. Wazee wanamuuliza, anajibu, wanamgeuzia swali, anajibu tena. Akishajibu limekwisha. Mwanangu alikuwa na neno moja tu. Hakuwa na mtoto wa kiume. Alijua akifa kimya, shamba la nyumbani litakwenda kwa kaka yake, na mkewe na bintiye watabaki wageni wangu, na mimi mwenyewe ni mzee wa kufa leo au kesho. Alitaka shamba liwe la binti yake.

"Mama, niitie wazee," akaniambia. Nikawaita.

Mkubwa wangu alipopata habari akasema, "Mtu anayecheka na sinema mpaka barabarani tunasikia, huyo hajafikia wosia. Mnamchuria." Hata hivyo siku ikapangwa.

Wazee wakaja baada ya chakula cha mchana, watatu, shemeji mbele. Mkubwa wangu hakuwepo. Bila yeye hawakuweza kuanza, maana neno la shamba halisemwi nyuma ya mgongo wa mwenye damu. Wakakaa, nikawapa pombe ya mbege, wakasubiri. Shemeji akawa anaitupia jicho kompyuta.

"Hii bado inafanya kazi?"

"Inafanya, baba mdogo," mwanangu akasema.

"Hebu tuone kidogo, wakati tunamsubiri huyo bwana."

Ikawekwa picha ya mapigano. Watu wanaruka kutoka ghorofa hadi ghorofa, wanapigana mateke hewani. Mzee mmoja akasogea, akasogea, mpaka akakaa puani kwa kioo. "Wewe, toa kichwa," mwenzake akamfokea, "unadhani hilo ni dirisha?" Shemeji akawa anamshauri mpiganaji: "Yuko nyuma yako. Nyuma, mjinga wewe. Haya, umeyataka." Mjukuu akarudi kutoka shule, akajibana miongoni mwao. Wakacheka, na mwanangu akacheka nao, amesahau alichowaitia, au amejisahaulisha. Mkubwa wangu akapiga simu kusema lori limekwama Usa River. Picha ikaisha. Baridi ikaanza kushuka, wazee wakavaa makoti.

Shemeji akamshika mwanangu mguu juu ya blanketi. "Mgonjwa ana nguvu. Tutarudi."

"Baba mdogo, nisikilizeni hata nyinyi tu."

"Bila kaka yako? Unataka nitukanwe uzeeni? Tutarudi, mwanangu."

Wakaondoka wanaigizana ngumi njiani, wazee wazima. Hawakurudi. Mara mavuno ya kahawa, mara mvua, mara msiba wa watu wengine.

Asubuhi moja mkwe wangu alikuwa amekwenda mjini kufuata dawa, mjukuu yuko shule, mvua inapiga mabati. Mwanangu akasema, "Mama, niinue. Weka mito yote." Nikamwinua, nikamshika mgongo, mifupa yake yote naihesabu kwa kiganja. "Sasa isogeze hiyo." Nikavuta stuli. Akafungua mfuniko, akabonyeza hapa na pale, na sura ya mtu ikatokea kwenye kioo. Mimi sikujua kama kitu kile kina jicho. Liko juu ya kioo, katikati, dogo kama kichwa cha sisimizi. Linakuona, na kioo kinakurudishia ulivyo.

Kioo cha ukutani nilikuwa nimekiondoa zamani, nikasema kimepasuka. Sasa akajiona. Na picha za mashine ile zilivyo safi, hazimsitiri mtu. Mashavu yameingia ndani, meno yamekuja mbele, macho ya njano. Alimtazama huyo mtu muda mrefu.

"Mama, huyu ni mimi?"

"Ni mwanga wa hiyo mashine," nikasema.

"Usinidanganye."

Akanyoosha mkono, akavuta kitambaa changu kilichokuwa kimetupiwa juu ya kioo, akakishusha mpaka ncha za maua zikaliziba lile jicho. Kioo kikageuka weupe mtupu wenye matundu. "Mtoto asinione hivi," akasema. "Atanisikia, basi."

Akaanza. Alitaja jina lake, la baba yake na la babu yake, kama mtu aliyesimama mbele ya baraza. Akasema shamba la nyumbani, kuanzia mfereji wa juu mpaka kwenye mti wa mringaringa, ni la binti yake. Mama wa mtoto akae humo asisumbuliwe. Kaka yake asilione hilo kama dharau, yeye alikwishapewa lake na baba. Akapumzika. Mimi nikaona uji unapoa, nikamwambia, "Kunywa uji kwanza, utasema ukimaliza. Maneno hayagandi kama uji."

"Mama, hii inasikia kila kitu."

"Isikie. Kwani nimetukana?"

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikamsubiri. Akamaliza kwa kusema, "Wazee walikuja wakaangalia sinema. Basi na mimi waniangalie kama sinema." Akabonyeza, akalala. Uji hakunywa.

Alikufa wiki hiyo hiyo, mchana, wale wanyama wake wakiwa wanaendelea kula majani kwenye kioo. Mjukuu ndiye aliyeizima.

Tulimzika migombani, pembeni ya baba yake. Siku ya kuanua matanga ukoo ukakaa uani, wanaume kwenye viti, wanawake kwenye majamvi. Mkubwa wangu ni mzee wa kanisa, yeye ndiye aliyefungua kwa sala, akaombea umoja wa familia. Nikasimama nikasema marehemu ameacha neno, na nilikuwepo alipolisema. Mjukuu akaileta kompyuta, kaikumbatia kwa mikono yote miwili, akaiweka juu ya meza ya chakula, mbele ya wazee.

Kioo kikawaka cheupe, maua ya kitambaa changu yamejaa pande zote. Kisha sauti.

Nimesema sauti yake ni nzuri, na sikusema uongo. Mvua ya siku ile ikanyesha pale uani jua linawaka, kuna watu walitazama juu. Pumzi zake zikasikika, ile ya kuingia inakwaruza na ile ya kutoka inapiga mluzi. Akataja jina lake na la baba yake, wanawake wakaangua kilio. Mimi nikafika na uji wangu, "maneno hayagandi kama uji", na watu wakacheka wanalia. Shemeji akafuta macho kwa kofia. Mkubwa wangu alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika. Nikasema moyoni, tumepona.

Akainuka, akajipangusa.

"Sauti tumeisikia. Uso uko wapi?"

"Baba aliuficha, baba mkubwa," mjukuu akasema.

"Sijamuuliza mtoto." Akanigeukia. "Mama, kitambaa hiki aliweka nani?"

"Nimekifuma mimi. Kukishusha alikishusha mwenyewe."

"Mtu anayetoa wosia anajifichia nini?"

"Alikuwa amebaki meno. Ungekuja ungemwona."

 Akalimeza hilo, akaendelea kwa sauti ya chini, ile anayotumia kanisani. "Siku hizi sauti zinatengenezwa. Kuna simu unaiandikia maneno, inayasema kwa sauti ya mtu unayemtaka, hata awe amekufa. Na huyu mtoto ana akili za mashine. Hilo wote tunalijua, mama haishi kutuambia."

Mkwe wangu akasimama kwenye jamvi. "Shemeji, unasema mwanangu ametengeneza sauti ya baba yake? Aliyelala pale, udongo haujakauka?"

"Sisemi ametengeneza. Nasema nitajuaje."

"Na mimi nimetengenezwa?" nikamuuliza. "Si mmenisikia humo? Au mimi pia niko Marekani nalipwa?"

Wakacheka, hata yeye karibu acheke. Shemeji akainua mkono, wakatulia.

"Mke wetu," akasema, "wewe tunakuheshimu. Lakini mama si shahidi. Mama ni upande." Akaisogelea meza. "Mashine hii naifahamu. Nilikaa nayo ndani humo. Ikanionyesha mtu anakatwa kichwa, nikapiga kelele, huyu mtoto akaniambia, babu, hajafa huyo, yuko kwao anakula. Nikaamini. Leo mashine ile ile inaniambia aliyekufa anasema. Nayo niamini? Kazi yake ni hiyo, kutuonyesha yasiyokuwepo tukafurahi."

"Ulikuja kumsikiliza ukaangalia ngumi," nikamwambia.

"Nilikuja. Na hilo nitakwenda nalo kaburini. Lakini sikiliza, mke wetu. Wosia tunauliza. Baba yangu alipotoa wake tulimuuliza mpaka akakasirika, ndipo tukajua ni wa kwake. Ngoja."

Akavua kofia. Akainama mbele ya kompyuta, mzee yule, mikono nyuma, akaiambia kwa Kimeru, taratibu, kama anavyosemeshwa mgonjwa: "Mwanangu. Hayo umeyasema kwa akili yako, hukulazimishwa na mtu?"

Akasubiri. Hakuwa anafanya mzaha. Uani tuliwasikia kuku wakichakura. Mashine ilikuwa inapuliza joto lake tu, fuu, fuu, kama inavyofanya ikichoka. Kisha kioo chenyewe kikazimika, maana kisipoguswa kinalala. Shemeji akabaki ameinama mbele ya weusi, anajitazama.

Akavaa kofia. "Hajajibu," akasema, na hakumtazama mtu.

 Neno hilo nalifikiria hadi leo.

Wazee wakaenda nyuma ya banda la ng'ombe, wakanong'ona, wakarudi. Shemeji akasema nyumba ni yangu mpaka Mungu anichukue. Shamba linakwenda kwa mkubwa, alishike kwa niaba ya ukoo. Mjane asifukuzwe, akae chini ya uangalizi wa shemeji yake. Kila mwanamke aliyekaa pale anajua uangalizi huo unaanzia mlango gani na unaishia kitanda gani. "Na mtoto asitoke mikono mitupu," akamalizia. "Mashine hii ni mali ya baba yake, tena ni ya thamani kubwa. Apewe mtoto."

Kuna waliopiga makofi. Waliona wametenda haki.

Mkwe wangu akasema, "Nilimuuguza mume wangu. Sikumuuguza ili nirithiwe kama koti." Akajitanda khanga akakaa. Mjukuu akaikunja kompyuta, na kitambaa akakikunja juu yake, halafu hakujua aende nayo wapi. Akasimama nayo pale pale katikati ya watu.

Kikao cha namna hiyo kwetu hakifungwi kwa amina peke yake. Anayepokea shamba la baba huja mbele ya mama, anafungua viganja, mama anavitemea mate kidogo. Ndiyo baraka. Bila hiyo jembe lako linakuwa la mwizi, na ardhi inajua. Mchungaji hapendi, na hakuna anayemwambia. Mkubwa wangu akaja akapiga magoti, mtu mzima mwenye mvi, suruali yake nzuri kwenye vumbi, akafungua viganja vyake. Nikavitazama. Viganja hivyo nimeviosha mimi.

"Mdomo umekauka," nikasema.

"Mleteeni maji," shemeji akasema.

Wakaniletea kikombe. Nikanywa chote mpaka chini, nikameza.

"Bado umekauka."

 Mkubwa wangu alikaa amepiga magoti hivyo mpaka shemeji akamshika bega akamwinua.

Mkwe wangu na mjukuu sasa wako Elerai mjini, chumba kimoja, mama anauza vitafunio asubuhi mbele ya mlango. Anasema atakwenda baraza la ardhi. Aende. Nimemwambia nitakwenda naye hata kwa magongo, kule nasikia mama anaruhusiwa kuwa shahidi. Nilipowatembelea nilimuuliza mjukuu anaionaje kompyuta yake. Akasema ni nzito kwenda nayo shule na chaji haikai. Sinema zote amezifuta, anaandikia masomo. Ile ya baba yake hajaifungua tangu siku ya kikao.

"Hutaki kumsikia?"

"Nataka, bibi. Lakini nikiigusa watasema nimeichezea."

Ana miaka ya kuruka kamba, na tayari anaongea kama mtu wa mahakamani.

Na shamba lipo. Kahawa iliiva ikakaukia juu ya miti, nyeusi kama mavi ya mbuzi. Magugu yamefika magotini. Mimi nakata ndizi za kupika tu, zile zilizo karibu na jiko, na siku nyingine nakaa migombani pale walipolala wawili. Mkubwa wangu ana lori, ana vibarua, ana neno la wazee, na yeye ndiye anayetusomea kanisani kwamba mambo ya kale yamepita. Jembe hajalitia. Alimleta kibarua mmoja, kibarua akauliza kama mama ametema, akaambiwa bado, akachukua jembe lake akarudi alikotoka.

Wiki iliyopita alikuja na jani la isale. Ukiletewa jani hilo kwetu huwezi kukataa kusamehe, hata kama mtu amekuulia. Nikalipokea kwa mikono miwili. Nikamwambia nimekusamehe, na nilimsamehe kweli. Ni mtoto wangu, na ndiye pekee niliyebaki naye. Akakaa kwenye kiti. Nikampa chai, tukazungumza habari za mbao, za mvua, za mguu wangu. Alipomaliza akaweka kikombe chini, akafungua viganja vyake juu ya magoti, polepole, kama mtu anayepunga upepo tu.

"Mama, na mdomo?"

"Mdomo bado," nikamwambia, nikaokota kikombe nikaenda kukiosha.